Kichocho kina majina mengi: kutafuta makala za tiba bila kupitwa

Mwanafunzi wa Mombasa mwenye tasnifu juu ya kichocho kwa watoto wa shule Kwale hufungua PubMed, hifadhidata ya makala za tiba mtandaoni, akamimina mada yake nzima kwenye kisanduku, akapata makala mbili tatu, kisha akaandika kwamba "utafiti haujafanywa". Umefanywa. Kilichopungua ni maneno.

Anza na karatasi. Chora safu mbili au tatu: ugonjwa, mahali, na dawa kama ipo. Matokeo unayotaka kupima yaache kwanza. Mihtasari mingi haiyataji, na PubMed haisomi makala nzima; husoma kichwa, muhtasari, taarifa kama anwani za waandishi, na istilahi za MeSH, yaani maneno rasmi ya mada ambayo kila makala hupewa. Neno lililojificha ndani ya matini litafute PubMed Central, hifadhi ya makala kamili.

Chini ya kila safu andika kila jina. Kichocho ni schistosomiasis, ni bilharzia, na kimelea cha kichocho cha mkojo ni Schistosoma haematobium. Mkojo wa damu, dalili yake, Waingereza huuandika haematuria, Wamarekani hematuria. Weka yote mawili. Majina ya safu moja yaunganishe kwa OR, safu na safu kwa AND, kwa herufi kubwa, na kila safu izungushie mabano. Mabano si pambo. PubMed husoma viunganishi kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo ukiandika Kenya AND schistosomiasis OR bilharzia bila mabano, utamwagiwa bilharzia ya dunia nzima.

Kinyota husaidia: schistosom* hukusanya schistosoma, schistosome na schistosomiasis kwa mpigo. Ila kinyota huzima kazi ya PubMed ya kukutafutia visawe, basi bilharzia uiandike mwenyewe.

Mahali ndipo penye mtego wetu wa Pwani. Kabla ya kaunti kuanza kazi 2013, watafiti waliandika "Coast Province". Weka hilo, weka Kwale na Msambweni, na Kenya pia, maana wengine hawataji eneo kwenye muhtasari. Tena, neno Mombasa likiandikwa hivi hivi hunasa hata anwani za waandishi, ukaletewa utafiti wa mbali kabisa kwa sababu tu mwandishi anakaa hapa. Liwekee tiab ndani ya mabano ya mraba, litafutwe kwenye kichwa na muhtasari tu.

MeSH ni nzuri, lakini isiwe peke yake: makala mpya kabisa huenda bado hazijapewa istilahi hizo. Kichujio cha "Humans" hutegemea MeSH vilevile, kwa hiyo hutupa mpya. NOT nayo tunaiogopa. Ukiondoa konokono, wanaobeba kimelea cha kichocho, umeondoa na utafiti uliopima konokono na watoto pamoja.

Kisha jipime. Chukua makala tatu au nne unazojua zinahusika, uone kama zimenaswa. Iliyoponyoka soma kichwa na muhtasari wake. Mara nyingi utakuta jina ambalo hukuliweka.

Majarida mengi ya Afrika hayamo PubMed, basi pitia African Journals Online, tovuti ya majarida ya Afrika. Makala iliyofungwa, muulize mkutubi kama chuo chenu kina Hinari, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo makala za afya bure au kwa bei nafuu, kabla ya kutoa hata shilingi. Na kila utafutaji uuandike siku hiyo hiyo: tarehe, hifadhidata, maneno yote yalivyo, idadi iliyopatikana. Msimamizi atayadai, na historia ya PubMed haikai milele.