Mezani kwa Wavietnam: jikoni nusu, mezani nusu

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Houston, Minneapolis na Berlin, ambako mgahawa wa Kivietnam hauko mbali na nyumbani. Chache ni za wanaosafiri kwenda Vietnam kwenyewe. Karibu zote zina lalamiko lile lile: chakula kililetwa, tukakitazama. Msione haya. Katika migahawa hii ya kawaida mpishi hufanya nusu ya kazi, na nusu nyingine huachiwa mlaji. Asiyeelekezwa hula kitu ambacho hakijaisha kupikwa.

*

*Ndugu Mhariri, jirani alitupeleka kula phở, ile supu ya tambi za mchele. Nikaletewa bakuli kubwa lenye nyama mbichi juu, na sahani ya majani kando. Nikatia kila kitu ndani, na sosi mbili za mezani juu yake. Supu ikawa ya vuguvugu, ina utamu wa sukari, na nyama haikuiva. Nilikosea wapi?* — Msomaji, Houston

Ulikosea mpangilio tu, ndugu yetu. Nyama hiyo huitwa tái. Ni mnofu wa ng'ombe uliokatwa mwembamba sana, kama milimita 2, na kinachotakiwa kuuivisha ni ile supu, ambayo hutoka jikoni ikikaribia kuchemka. Kwa hiyo bakuli likitua mezani usiguse majani. Zamisha nyama kwa vijiti, itenganishe vipande vilivyoshikana, iache nusu dakika. Utaiona inageuka kutoka nyekundu kuwa ya kijivu. Ukitanguliza konzi mbili za choroko zilizochipua, zimetoka kwenye jokofu, moto wote wa supu unaishia kuzipasha hizo na nyama inabaki ilivyo.

Nyama ikiiva, onja supu tupu, vijiko viwili vitatu. Imechemshwa saa 6, pengine hata 12: mifupa ya ng'ombe, tangawizi na vitunguu vilivyobabuliwa motoni hadi maganda yakaungua, mdalasini, karafuu, iliki nyeusi, na kile kiungo chenye umbo la nyota ambacho ndicho harufu yenyewe ya phở. Ukishaijua ladha yake ndipo ujue inapungukiwa na nini. Kamua kipande kimoja cha ndimu. Mrehani chambua majani, uyachane kwa vidole, vikonyo vyake uviache sahanini. Jani refu lenye meno kama msumeno huitwa ngò gai; linanukia kotimiri, ila kali zaidi, basi anza na moja. Choroko tia konzi moja.

Tunakuja kwenye zile chupa. Ile nyeusi nzito ni hoisin, maharage ya soya yaliyosagwa na kutiwa sukari. Nyekundu ni pilipili yenye kitunguu saumu. Kijiko kimoja cha hoisin kinatosha kufunika kazi ya saa 10. Mahali pake ni kisahani kidogo: changanya hoisin na pilipili humo, chovya nyama, supu iache na usafi wake. Wapo Wavietnam wanaozimimina bakulini na hakuna atakayekukemea, lakini sisi hatushauri.

Wasiwasi ukibaki, agiza "tái để riêng", yaani nyama mbichi iletwe kando, uitie mwenyewe kidogo kidogo. "Giá trụng" ni choroko zilizochovywa kwanza kwenye maji ya moto. Wajawazito, watoto wadogo na wazee tunawaambia wachukue chín, nyama iliyoiva tangu jikoni, pamoja na hizo giá trụng. Maneno mengine utakayoyakuta kwenye orodha: nạm ni nyama ya ubavuni chini, gầu ni ya kidari yenye mafuta, gân ni kano zilizochemshwa hadi zikalainika, na sách ni sehemu ya utumbo yenye kurasa kurasa. Neno hilo kwa Kivietnam ndilo "kitabu".

La mwisho: usimngoje mwenzako. Kwetu ni utovu wa adabu kuanza kabla ya wengine, lakini mabakuli ya phở hutoka moja moja, na tambi za mchele hazikomi kunywa supu. Robo saa ikipita zinavimba na kukatika. Mkaribishe mkubwa wa meza kwa neno, kisha anza.

*

*Assalaam alaykum. Wakwe zangu wanakuja kutoka Mombasa na mume wangu anataka tuwapeleke kwa Wavietnam. Nikiona "bò", nikaambiwa ni ng'ombe, nimesalimika?* — Mama wa watoto watatu, Minneapolis

Waalaykum salaam, mama. Hujasalimika bado. Bò ni ng'ombe kweli, lakini tazama bún bò Huế: jina ni la ng'ombe, na ndani mna mguu wa nguruwe na mara nyingi vipande vya damu iliyoganda. Neno la kuogopa ni heo, au lợn kwa Wavietnam wa kaskazini. Yote mawili ni nguruwe. Na yapo majina yasiyotaja mnyama kabisa. Gỏi cuốn, zile roli nyeupe zisizokaangwa, mara nyingi hubeba kamba na kipande cha nguruwe pamoja. Chả giò, zilizokaangwa, kwa kawaida hujazwa nguruwe wa kusaga. Chả lụa ni soseji ya nguruwe. Cơm tấm sườn ni wali wa chenga na ubavu wa nguruwe, na mkate wa bánh mì hupakwa pate ya maini yake. Wali ukija umenyunyiziwa mafuta yenye majani ya kitunguu, uliza kama ni mafuta ya nguruwe.

Hata phở ya ng'ombe ina maswali mawili. Kuna mifupa ya nguruwe sufuriani? Na ng'ombe kachinjwaje? La pili, kama mwenye mgahawa hana nyama ya halali, hakuna namna ya kulizunguka, na kuku naye yumo. Kimbilio ni baharini: canh chua cá, supu ya samaki yenye ukwaju, nanasi na nyanya, ambayo watu wa pwani hawataishangaa, au kamba wa kukaanga. Samaki wa chungu, cá kho tộ, ni mtamu sana, ila wapishi wengine humtilia mafuta ya nguruwe, basi uliza. Pale palipoandikwa chay hapana nyama wala samaki.

Nước mắm, ile chumvi ya maji ya kahawia, isikutie hofu: ni dagaa na chumvi vilivyokaa kwenye mapipa kwa miezi, mara nyingi mwaka mzima au zaidi. (Tumekataa kuiita mchuzi wa samaki. Mkwe wako akisikia hivyo atangojea nazi.)

Na mkifika jiji la Ho Chi Minh (Saigon ya zamani) siku moja, nendeni mtaa wa Đông Du, katikati ya jiji. Upo msikiti uliojengwa 1935 na Waislamu waliotoka kusini mwa India, na karibu yake kuna vyakula vya halali. Wavietnam Waislamu wapo pia, wengi wao ni Wacham, moja ya makabila madogo ya nchi hiyo.

*

*Nilizoea phở ya Texas. Hanoi nikaomba choroko na hoisin, mwuzaji akanitazama kama nimemtukana. Kwani si chakula kimoja?* — Msomaji msafiri

Jina moja, njia mbili. Phở ilizaliwa kaskazini, Hanoi na Nam Định, mwanzoni mwa karne ya 20. Nchi ilipogawanywa kwa Mkataba wa Geneva mwaka 1954, watu wa kaskazini wapatao milioni moja walihamia kusini na bakuli lao. Saigon ndiko lilikoongezewa utamu, sahani ya majani, choroko na hoisin. Waliokimbia baada ya vita kuisha 1975 wengi walikuwa wa kusini, na hao ndio waliofungua migahawa ya Texas na California. Ulichozoea ni cha Saigon. (Ukiona jina la mgahawa lina namba 54 au 75, mara nyingi ni hiyo miaka.) Hanoi supu haina sukari nyingi na inakuja na majani ya kitunguu tu. Mezani utakuta siki yenye kitunguu saumu, pilipili mbichi, na quẩy, andazi refu lisilo na sukari la kuchovya. Kijiko kidogo cha ile siki, na hutaulizia ndimu.

*

*Tutakuwa watu wanane, wawili wazee, wawili watoto. Tuagize nini ili kila mtu ale na meza isijae mabakuli manane?* — Msomaji, Berlin

Swali zuri, kwa kuwa wengi huagiza phở nane na kila mmoja akainamia lake. Phở ni ya mtu mmoja. Mkiwa wengi agizeni vya katikati ya meza: gỏi cuốn sahani nne (nyingi huwa na roli mbili), bánh xèo mbili, mchicha-maji wa kitunguu saumu (rau muống xào tỏi) sahani mbili, samaki wa chungu mmoja, wali, na chungu kimoja cha lẩu, supu inayochemka mezani mkitia vitu wenyewe. Watoto wape phở gà (ya kuku) moja, muigawe kwa vibakuli viwili bila majani.

Bánh xèo ni chapati nyembamba ya unga wa mchele, manjano na tui la nazi, imekunjwa juu ya kamba, nyama na choroko. Hailiwi kwa uma. Kata kipande cha vidole viwili, kiweke juu ya jani la saladi, ongeza nanaa, kunja, chovya. Kiliwe kingali kinavunjika, kikipoa kinalegea.

Mkipewa karatasi za mchele mjikunjie wenyewe, hapo ndipo meza huchekeana. Kosa ni kuiloweka. Izungushe kwenye maji ya uvuguvugu sekunde 2 au 3, itoe ingali ngumu kidogo, ilaze sahanini. Itamalizia kulainika yenyewe kwa nusu dakika. Iliyolowa hadi ikalegea majini itachanika mkononi. Tanguliza saladi ili vitu vyenye ncha visitoboe, kisha tambi, majani na nyama, vyote upande wa karibu yako na visizidi theluthi ya karatasi. Kunja mara moja, ingiza mbavu mbili, viringisha ukikaza.

Cha kuchovya ni nước chấm: nước mắm kipimo 1, sukari 1, maji ya ndimu 1, maji ya uvuguvugu 4 au 5. Koroga sukari kwanza iyeyuke, tia ndimu na nước mắm, mwisho kitunguu saumu na pilipili vilivyokatwakatwa. Vikitiwa mwisho vinaelea juu, na vikielea kila unapochovya unavipata.

Kwenye lẩu, mboga ngumu zitangulie, nyama nyembamba ifuate, kamba na samaki mwisho. Tambi zisiingie chunguni: zikichemkia humo supu inageuka uji. Ziwekeni kwenye kibakuli, mzimwagie supu juu.

*

*Mhudumu tunamwitaje, na mbona hesabu haiji?* — Msomaji, Houston

Mswahili hapa hana la kufundishwa, maana Wavietnam nao huitana kwa ukoo. "Em ơi" ni mdogo wangu, "anh ơi" kaka, "chị ơi" dada. Mwenye umri wa wazazi wako ni cô, shangazi, au chú, baba mdogo. Hesabu haiji kwa sababu kuileta bila kuombwa ni kama kuwafukuza. Sema "tính tiền", au nenda kaunta na namba ya meza. Katika migahawa mingi ya phở ya Marekani watu hulipia huko. Bakshishi Marekani ni asilimia 15 hadi 20. Vietnam, kwenye vibanda, haitarajiwi, lakini kitaulo chenye maji kilicho kwenye nailoni hulipiwa ukikifungua, na karanga za mezani pia mara nyingi. Bei iliyoandikwa 50k ni dong 50,000.

*

*Je, kuna mwiko wa vijiti?* — Msomaji, Minneapolis

Mmoja mkubwa: usivichomeke wima kwenye wali. Vinafanana na ubani unaowashwa kwa ajili ya marehemu. Bakuli la wali linyanyue mdomoni, la phở liache mezani na utumie kijiko. Na mpe mkubwa kitu kwa mikono miwili.

*

*Kahawa yao inadondoka tone tone hadi nakata tamaa. Nifanyeje nyumbani?* — Msomaji mwenye asili ya Bukoba

Basi unaijua mbegu yake: ni robusta, ndugu ya ile ya Kagera, na Vietnam ni ya pili duniani kwa kahawa baada ya Brazil. Tia vijiko viwili vya maziwa mazito matamu ya kopo kwenye glasi. Juu yake weka kichujio cha phin chenye gramu 20 hadi 25 za kahawa, laza kifuniko cha ndani bila kukandamiza. Mwagia maji ya moto mililita 20, ngoja nusu dakika kahawa ivimbe, kisha ongeza 80 hadi 100. Dakika 4 au 5 ndiyo kasi yake. Ikimalizika kwa dakika moja, kahawa imesagwa nene mno. Ikigoma kabisa, ni laini mno au umekaza kifuniko. Kilegeze kidogo kwa ncha ya kijiko. Koroga, ndipo umimine kwenye glasi iliyojaa barafu.