Kozi fupi ya sanaa ya kisasa London: mnaoenda someni hii kwanza

Nyie mliopata nafasi kwenye hizi kozi fupi za sanaa ya kisasa kule London, za wiki mbili tatu, hongereni sana, na naomba niwaambie machache niliyoyaona nilipokuwa huko maana zinaenda mbio na siku ikishapita imepita. Jueni tu kwamba darasa lenyewe ni mji. Asubuhi mnakutana chuoni kidogo mnaongea, afu kutwa nzima mko njiani, treni, miguu, makumbusho, galeri, jioni mnarudi mmechoka na bado kuna kuandika. Viatu vya kutembelea na koti la mvua, hapo sina la kuongeza.

Kikubwa ninachowaomba: tazama kwanza, soma baadae. Sisi tumekulia kwenye shule ambazo jibu liko ubaoni, kwa hiyo ukiingia chumba tu macho yanakimbilia kile kikaratasi cha ukutani, unasoma jina la msanii, mwaka, maelezo, unaitupia kazi jicho mara moja unasonga mbele. Hapo kazi hujaiona. Chagua moja, simama nayo dakika kumi hivi bila kusoma kitu, andika kwenye daftari unachokiona tu, imetengenezwa na nini, ukubwa wake, inakufanya usogee au urudi nyuma. Afu ndo ukasome.

Mfano Tate Modern. Lile jengo lilikuwa kituo cha kufua umeme, likafunguliwa kama makumbusho mwaka 2000, na ule ukumbi mkubwa wa Turbine Hall ndo zilikokuwa mashine. Kila anaeingia anaangalia juu kwa ule urefu wake. Wewe angalia chini. Utaona sakafuni kovu refu la zege limepinda pinda, kuna linapokuwa jembamba kuna linaponenepa. Mwaka 2007 Doris Salcedo wa Colombia aliweka ufa kwenye ile sakafu, mita 167, toka mwanzo wa ukumbi mpaka mwisho, kazi inaitwa Shibboleth na inahusu ubaguzi na wahamiaji wanaoachwa upande wa pili. Maonyesho yalivyoisha 2008 wakauziba, ila alama haijafutika na watu wanaikanyaga kila siku bila kujua. Lifuate lile kovu kwa miguu, taratibu, mpaka mwisho, ndo utaelewa kwa nini nasema macho kwanza.

Kwenye majadiliano msikae kimya jamani. Mnasimama kundi zima mbele ya kazi, mwalimu anauliza mnaona nini, na wengi wetu tunasubiri wenzetu waongee kwa kuogopa kukosea. Anza na ulichoandika kwenye daftari, inatosha kabisa. Na kuna kazi ambazo wewe mtu wa huku una la kusema kuliko wote hapo. Lubaina Himid kazaliwa Zanzibar 1954, akapelekwa Uingereza akiwa mchanga, na 2017 akachukua Turner Prize, tuzo kubwa ya sanaa ya kisasa Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kazi yake ya 2004, Naming the Money, ina maumbo 100 ya watu yaliyokatwa na kusimamishwa, ya kimo cha binadamu, yamepakwa rangi za kupendeza, wapiga ngoma, washona viatu, wafunza mbwa, ukiwatazama kwa mbele unaona kama sherehe. Ukizunguka mgongoni kila mmoja ana karatasi ya mahesabu ya biashara, kuna jina lake la kwao na jina alilobandikwa, maana ni watumwa wa Kiafrika kwenye majumba ya matajiri wa Ulaya. Mtu aliyewahi kufika Mkunazini, kule Zanzibar lilikokuwa soko la watumwa, anayo ya kuongea hapo, aongee.

Galeri za biashara zisiwatishe. Mlango umefungwa, kuna kengele, dada yuko kwenye kompyuta hainui kichwa, we piga kengele uingie, ni bure na hakuna atakaekuuliza kama unanunua. Chukua na ile karatasi ya maelezo mezani. Nyingi hazifungui Jumapili na Jumatatu kwa hiyo siku hizo wekeni makumbusho, ambako kwa mengi kuingia ni bure ila maonyesho maalumu yanalipiwa na bei inauma. Kama una miaka 16 mpaka 25 jiunge Tate Collective, mpango wa Tate kwa vijana, mtandaoni, kujiunga ni bure na tiketi za maonyesho yao unapata kwa pauni 5. Fanya hivyo kabla hujasafiri.