Unayefiti k kwenye A + A ya mstari mmoja: acha, chora logi kwanza

Mkuu simama hapo hapo. Umesema una simulesheni ya A + A → 0, chembe zinatembea ovyo kwenye mstari mmoja, zikikutana zinafutana, na k (konstanti ya kasi ya mmenyuko) inashuka kila ukiongeza muda, sasa unataka ukate data ubaki na kile kipande cha mwanzo ambapo 1/c (c ni konsentresheni ya chembe) dhidi ya muda inanyooka. Usikate! Mimi nilikata, ikanila miezi nane.

Supavaiza wangu aliitazama grafu sekunde kumi akasema "k ni konstanti, ikibadilika una bagi kwenye kodi". Nikaanza kusaka bagi. Nimebadilisha jenereta ya namba nasibu mara tatu, nimeandika kodi upya kuanzia sifuri, nimepunguza hatua ya muda mpaka rani moja inakesha usiku mzima, na kabla hujaniuliza, ndiyo, hata kompyuta niliishuku nikaazima nyingine. K inashuka vilevile. Bagi haikuwepo!! Inaniuma mpaka leo, maana mtu anayesimamia wanafunzi wa kinetiki alitakiwa ajue kwamba ile kasi = kc² inadai chembe zichanganyike upya muda wote, na kwenye mstari mmoja nani atazichanganya? Chembe haiwezi kumzunguka jirani. Waliokaa karibu wanamalizana mapema, wanaobaki ni wale waliokaa mbalimbali, na kuvuka uwazi wa urefu x kwa difyusheni (huko kutembea ovyo) kunachukua muda wa kiasi cha x²/D, D ikiwa kipimo cha wepesi wa chembe kusambaa, yaani uwazi ukiwa mara mbili muda unakuwa mara nne. Ndio maana mambo yanazidi kwenda polepole kadiri chembe zinavyopungua.

Kwenye dimensheni tatu sawa, hesabu ya Smoluchowski ya 1917 inakupa k inayotulia kwenye 4πDR (R ni umbali wa kukutana, na D ya hapo ni jumla ya D za chembe mbili). Kwenye mstari haitulii kabisa, inashuka kama t^(−1/2). Jibu kamili la muda mrefu lipo: c = 1/√(8πDt) zikifutana zote mbili, na 1/√(2πDt) kama moja inabaki (A + A → A), mara mbili kamili ya ile ya kwanza. Tazama humo ndani, konsentresheni ya mwanzo haimo, ni D tu! Ukiigeuza unapata kasi inakwenda na c³, sio c². Mimi nilishapata oda 2.9 mapema kabisa, nikaifuta kwa sababu niliaminishwa ni takataka. Nilikuwa nimeshika jibu mkononi.

Na usidhani ni mambo ya kompyuta tu, eksitoni (vifurushi vya nishati) zinazotembea kwenye minyororo ya manganizi ya fuwele iitwayo TMMC zimepimwa maabara, zikaonyesha kipeo hicho hicho cha muda, karibu na nusu.

Kwa hiyo kabla hujagusa k yoyote, chora logi ya c dhidi ya logi ya t, angalia mwinamo. Ukikaa −1/2 difyusheni ndiyo inatawala na ile k moja uliyofundishwa haipo, usiitafute. Ukikaa −1, kama kasi = kc² inavyotaka, basi kuna kitu kinachanganya chembe zako, labda unaziruhusu zirukane au zinapishana bila kumenyuka, hapo ndio ukague kodi. Ukiporomoka ghafla mwishoni, mstari wako ni mfupi, Dt imeshafikia L² (L ni urefu wa mstari), ongeza urefu.

Ile ya A + B uliyouliza, yaani aina mbili za chembe ambapo A inafutana na B tu, kama zimeanza sawa kwa idadi na zimemwagwa ovyo, mwinamo ni −1/4, maana A zinajikusanya kivyao na B kivyao, wanamenyuka mpakani tu. Toussaint na Wilczek walilieleza hilo 1983. Hiyo nayo sio bagi, tafadhali.

Weka grafu ya logi hapa tuione, data yote, na ile ya mwishoni uliyotaka kuitupa.