Usimfundishie mkufunzi kipindi cha marudio

Dogo, acha kabisa. Hapo uliposema kuna wa mwaka wa tatu kakushauri kwamba siku mkufunzi wa chuo akija kukuona BTP (mazoezi ya kufundisha shuleni) urudie kipindi ulichokwisha kufundisha "ili ujiamini", damu imenichemka. Mimi nilipewa ushauri huohuo, tena na mtu aliyejiita mzoefu. Popote alipo, Mungu anamwona.

Nilikuwa na Hisabati Kidato cha Pili. Kanuni ya Pythagoras ya pembetatu yenye pembe mraba (mraba wa upande mrefu ni jumla ya miraba ya pande mbili fupi) nilishaimaliza wiki iliyotangulia. Mkufunzi kutokea, nikaianza upya kana kwamba ndiyo kwanza tunaiona. Nachora pembetatu, naandika 3 na 4, sijauliza kitu, darasa zima: "Faaaivu!" Nikajisemea leo A iko mfukoni. Kumbe mkufunzi kule nyuma keshavuta daftari la binti mmoja: kichwa kilekile, mifano ileile, tarehe ya wiki iliyopita. Hakunisema. Alinyanyuka, akaomba chaki, akawapa pembetatu yenye upande mrefu 10 na mwingine 6, watafute uliobaki. Karibu wote wakajumlisha 100 na 36, badala ya kutoa! Walichoshika ni kujumlisha tu, ule upande mrefu hata hawautambui, na mimi mwalimu wao ndiyo nagundua saa hiyohiyo pamoja na mgeni. Alama nilizopata sizitaji, humu kuna watu ninaowadai heshima. Wanafunzi wakaniita Sir Marudio mpaka naondoka.

Kinachouma, kwenye saikolojia ya elimu nilimwandika Bandura, yule mwanasaikolojia, vizuri tu: kujiamini hujengwa kwanza na kazi uliyoifanya mwenyewe ukaiweza. Nikachukua maksi zangu, nikaenda kuigiza.

Sasa shika hili moja. Fundisha kipya, na katika dakika 40 zako, 10 za mwisho funga mdomo. Wape swali wasilowahi kuliona, pita dawati kwa dawati na kalamu nyekundu. Hapo ndipo utaona nani anakwama na kwa nini, na kesho yake unaanzia hapohapo. Mimi miguu iliacha kutetemeka nilipoanza kuingia darasani nikijua makosa yao ya jana, maana nilikuwa na la kuwaambia. Mkufunzi awepo, asiwepo, fanya hivyo.

Yale mengine uliyouliza, Kiingereza kukukatika na suti ya kuvaa, wengine watakujibu. Suti mimi nilivaa, haikuniokoa. Liandike hilo swali la dakika 10 uliweke hapa kabla ya Jumatatu tulikague.