Kwa nini mabwawa makubwa ya Texas yamepotea kwenye ramani yako

Umeuliza kwa nini mabwawa makubwa ya Texas hayaonekani kwenye ramani yako. Data ni nzima kaka, kichujio ndicho kimekuponza. Umechuja namba ya aina 436 pekee, na katika NHD, data ya mito na maziwa ya Marekani inayotolewa na USGS (shirika la jiolojia la huko), hiyo ni ya mabeseni yaliyojengwa: matangi, madimbwi ya kusafishia majitaka na mengine ya aina hiyo. Bwawa kubwa ambalo ukingo wake unafuata umbo la ardhi, kama Texoma nyuma ya ukuta wa Denison, kwa kawaida huingizwa kwenye namba 390 pamoja na maziwa ya asili. Chuja zote mbili, kisha punguza vidimbwi kwa safu ya AREASQKM (eneo kwa kilomita za mraba). Jua pia NHD haisasishwi tangu Oktoba 2023, ingawa kupakua bado inapakulika.

Ukitaka ziwa na bwawa vitengane wazi, chukua HydroLAKES, data ya maziwa ya dunia nzima: safu ya Lake_type, 1 ni ziwa, 2 ni bwawa. Mimi hapa Mombasa ndiyo naitumia kwa ramani za Kenya. Ila inaanzia hekta 10, kwa hiyo silanga (vidimbwi vya kuchimbwa) nyingi za huko Kinango usizitafute humo, hazimo.