Sare zitateketea, nizishone za nini?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro. Kwenye mkutano wa injili mhubiri alifundisha 2 Petro 3:10, kwamba dunia na vyote vilivyomo vitateketea. Tangu hapo nikikaa kwenye cherehani naona napoteza muda. Nashinda kwenye maombi, na sare nilizopokelea advansi hata kukatwa bado. Shule zinafunguliwa Januari. Nifunge ofisi nimtumikie Mungu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mhubiri alisoma sawasawa, ila angesogea mstari mmoja tu. Wa 11 unauliza: kwa kuwa hayo yote yatapita, imewapasa ninyi kuwa watu wa tabia gani? Habari ya kuacha kazi haimo. (Na suti yake mhubiri kuna mtu aliishona.)

Twende kwa mafundi wenzako. Paulo alipofika Korintho alikaa kwa Akila na Prisila, wakashona mahema pamoja. Baadaye akawaandikia Wakristo wa mji huohuo sura ndefu ya ufufuo, 1 Wakorintho 15, yenye parapanda na mauti kumezwa, akaifunga kwa kusema taabu yao si bure katika Bwana.

Utaniambia hapo anasema kazi ya Bwana, si sketi za marinda. Haya, soma Matendo 9. Dorkasi alikufa kule Yafa. Petro alipofika, wajane walisimama wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Dorkasi huyo, Luka mwandishi wa Matendo anamwita mwanafunzi, na ushahidi uliotolewa juu ya maisha yake ulikuwa nguo.

Sasa mteja wako. Huyo mama pengine anauza mchicha, advansi aliikusanya mia mia. Mwanawe akirudishwa getini kwa kukosa sare huku hela yake unayo wewe, mimi huo siuiti utumishi. Kristo unayemngoja atakuuliza habari za mama huyo.

Kesho fungua mapema. Anza na waliokwisha kulipa. Marinda yanyooke, pindo liache refu, watoto wanakua. Aliyechoka kungoja akanunua dukani, mrudishie hela yake yote, usimkate hata ya kitambaa. Maombi yawe alfajiri au jioni. Na kama hamu ya kuhubiri bado ipo, mwone mchungaji wako Februari, wateja wakishapungua.