Kuhisi Machungu ya Wengine: Maswali Yenu na Majibu Yetu

Maswali ya safari hii yote yanazunguka jambo moja: watu wanaoamini kwamba hisia na maumivu ya wenzao yanawaingia mwilini. Mitandaoni wanajiita empathi. Tumeyafupisha maswali na kuondoa majina.

Nasuka nywele saluni. Wateja wananisimulia ndoa zao, na jioni narudi mabega yamekaza, moyo mzito kana kwamba yamenikuta mimi. Je, nabeba mizigo yao? (Msusi, Sinza)

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Ukimtazama mtu mwenye majonzi, uso wako unamwiga bila wewe kujua: nyusi zinakunjana, pumzi inafupika, mabega yanapanda. Mwili ukishakaa hivyo, moyo nao unafuata. Mwanasaikolojia Elaine Hatfield na wenzake waliandika kitabu kizima mwaka 1994 kueleza jinsi hisia zinavyoambukizana namna hiyo. Na msusi amekaa pabaya kuliko wengi, maana kioo kinamwonyesha uso wa mteja masaa manne ya rasta, na hawezi kuaga akaondoka.

Lakini tusimsingizie mteja kila kitu. Umesimama tangu asubuhi, mikono imeinuliwa, na chai ya saa nne pengine hukuinywa. Sehemu ya uzito huo ni rasta tu.

Fanya hivi: kila unapochana mstari mpya, shusha mabega, achia taya, vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita. Mara tano zinatosha, ni kama dakika moja, na mteja hatajua. Wengi hukosea kwa kuvuta pumzi kubwa za nguvu. Kichwa kinakuwa chepesi na vidole vinachonyota, kwa sababu hewa ya kaboni imetoka nyingi mno kwenye damu. Pumzi iwe ya kawaida, kinachorefuka ni kuitoa. Mteja akiondoka, toka nje dakika tano kabla ya kumkalisha mwingine.

Badili pia unavyosikiliza. Mwanasaikolojia Daniel Batson na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba anayejiuliza "ingekuwa mimi ningejisikiaje?" huishia na huruma iliyochanganyika na dhiki yake mwenyewe, ila anayejiuliza "yeye anajisikiaje?" hubaki zaidi na huruma. Kwa hiyo badala ya "mimi ningeshaondoka zamani", sema "pole dada, nyumbani umeshamwambia nani?" Swali hilo linaacha ndoa iwe yake.

Mama yuko Tanga. Akiumwa, mimi huku naumwa kabla sijapigiwa simu. Hicho si kipaji? Naweza kujipima? (Msomaji, Mbagala)

Kujipima unaweza, na tunakushauri ujipime kabla hujajipa jina.

Anza na daftari. Ukihisi kitu, andika hapo hapo tarehe, saa, mahali panapouma na mtu unayemdhania, kisha ndipo upige simu. Ukijitumia ujumbe kwenye simu ni bora zaidi, saa inajiandika yenyewe na huwezi kuirekebisha baadaye. Kuna matokeo ya aina nne: umehisi na mama anaumwa, umehisi na mama ni mzima, hukuhisi na mama anaumwa, hukuhisi na mama ni mzima. Wengi hukumbuka aina ya kwanza peke yake, kwa sababu ndiyo inayosimuliwa ukumbini. Aina ya tatu ndiyo inayofichika kabisa, kwa hiyo kila wiki muulize mama siku alizoumwa, hata kama wewe ulikuwa unacheka siku hiyo. Mama mwenye miguu inayomsumbua kila wiki na binti mwenye kichwa kinachouma kila wiki watagongana tu, iwe kipaji au la.

Kama unaamini unahisi hata mtu asiyeonekana, jaribu hili na rafiki. Andikeni vikaratasi vinne: hasira, huzuni, furaha, hofu, mvitie kikombeni. Rafiki aingie chumba kingine, mlango ufungwe, redio iwake. Achomoe kikaratasi bila kuchagua, akumbuke tukio lililompa hisia hiyo kwa dakika moja, agonge ukuta mara moja. Yeye aandike alichochomoa, wewe andika ulichohisi. Akirudishe kikaratasi kikombeni, atikise, achomoe tena, hadi mara 20. Kwa kubahatisha tu utapata kama 5. Ukipata 9 au zaidi, rudieni siku nyingine, maana hata hiyo humtokea mtu 1 kati ya 25 hivi kwa bahati.

Makosa ni yale yale kila mara. Rafiki hakirudishi kikaratasi, hivyo kufikia cha nne unajua kilichobaki. Au anacheka ukutani ukamsikia. Au anakupa jibu kila baada ya mchomo mmoja, nanyi mnaanza kusema "huzuni na hofu zinakaribiana, hesabu hiyo." Hakuna kukaribiana. Majibu yalinganishwe mwishoni.

Kisha rudieni mara 20 mkiwa mmekaa uso kwa uso, kimya. Alama zitapanda, na hapo ndipo utajua habari zinaingia kwa mlango gani: macho yako, na siku nyingine masikio. Kwenye simu unamfahamu mama kwa sauti tangu alipoitikia.

Jambo moja haliingii kwenye majaribio. Maumivu yakikubana kifuani, yakashuka mkononi au kupanda tayani, na jasho jembamba likakutoka, usimpigie mama kwanza. Nenda hospitali. Kuna waliochelewa kwa kudhani maumivu ni ya mwingine.

Nikiona mtoto anadungwa sindano, mkono wangu unauma pale pale, na mara mbili nimekaribia kuanguka. (Mwanafunzi wa uuguzi, Temeke)

Hayo ni mambo mawili, na tiba zake si moja.

La kwanza, wengi wetu tukiona mwenzetu anaumizwa tunasononeka bila kuumwa mahali. Mtafiti wa ubongo Tania Singer na wenzake, London, mwaka 2004, waliwapima wanawake 16 huku wapenzi wao wakipigwa shoti ndogo mkononi. Sehemu za ubongo zinazofanya maumivu yachukize zilifanya kazi. Zile zinazoonyesha panapouma hazikufanya. Lakini wapo wachache, kama 1 hadi 2 kati ya watu 100, ambao wanahisi mguso kabisa kwa kuutazama. Jipime: mwenzako akae mbele yako, mtu wa tatu amguse shavu la kushoto. Mwenye hali hii huhisi kwenye shavu lake mara moja, wengi kwenye shavu la kulia, kama anajitazama kwenye kioo, na upande haubadiliki akirudiwa wiki ijayo. Si ugonjwa.

La pili, kuanguka ni shinikizo la damu kushuka ghafla. Hapa zile pumzi za msusi hazitakusaidia, zinaweza hata kukulegeza zaidi. Kaza mikono, mapaja na tumbo kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso uhisi joto, legeza sekunde 20 hadi 30 bila kujiachia kabisa, rudia mara tano. Fanya mazoezi nyumbani kila siku kwa wiki moja kabla ya kuingia wodini.

Mchumba wangu anasema yeye ni empathi, na "anahisi" ninapomdanganya. Nikikataa, anasema najidanganya mwenyewe. (Msomaji, Tabata)

Mwanasaikolojia William Ickes alitumia miaka mingi akiwarekodi watu wakizungumza, kisha kumwomba mmoja akisie mwenzake aliwaza nini. Wasiojuana walipata kama asilimia 20. Marafiki na wanandoa walipanda hadi 30 au 35. Na waliojiona hodari hawakuwa hodari zaidi. Anayehisi kweli huuliza, "naona umenyamaza, kuna nini?" kisha anapokea jibu. Anayekupa jibu lako mwenyewe na kukukatalia la kwako anakutawala, hata akiwa mpole.

Nilikulia na baba mlevi. Hadi leo nasikia nyayo za mtu mlangoni najua amekujaje. Watu wanasema nimejaliwa. (Msomaji, Kimara)

Seth Pollak wa Chuo Kikuu cha Wisconsin alionyesha mwaka 2002 kwamba watoto waliopigwa nyumbani hutambua uso wa hasira mapema, picha ikiwa bado haijaeleweka kwa wengine. Kwa hiyo uwezo wako tunaukubali; ulijifunza kwa sababu ulikuwa unauhitaji. Shida yake ni kwamba king'ora hicho hulia hata pasipo moto: bosi amekunja uso kwa foleni ya Ubungo, wewe unasikia kipigo. Ukikisikia, tafuta sababu nyingine mbili za ule uso kabla hujaomba msamaha. Ikiwa usingizi hauji au unashtuka kila mlango unapogongwa, muone mtaalamu wa afya ya akili. Waombe rufaa kwenye hospitali ya wilaya.

Kuna dada anauza jiwe la kuzuia hisia za watu, elfu themanini. Linafanya kazi? (Msomaji, Kariakoo)

Hapana.

Mke wangu ana mimba ya miezi miwili. Mimi ndiye ninayetapika asubuhi na meno yananiuma. Kijiweni wananicheka. (Baba mtarajiwa, Gongo la Mboto)

Waache wacheke. Hali hii imeandikwa sana kwenye vitabu vya tiba: kichefuchefu, jino, tumbo, kukosa usingizi. Huja zaidi miezi mitatu ya mwanzo, hupoa, hurudi karibu na kujifungua, kisha huisha mtoto akizaliwa. Chanzo hakijulikani kwa hakika. Wasiwasi na mabadiliko ya homoni kwa wanaume vyote vinatajwa. Kula kidogo kidogo, mkate mkavu kabla ya kuamka, na nenda naye kliniki, kwani hofu nyingi hupungua mtu akisikia mapigo ya moyo wa mtoto. Ila ukitapika damu, ukipungua uzito, au homa ikapanda, kapime malaria na tumbo kama mtu mwingine yeyote. Jino nalo lionwe na daktari wa meno; huenda limetoboka tu.